Kasala Katikati ya Konserto

Watu wa hapa Mwene-Ditu, huku Kasai, wanapenda kusema kwamba bwana yangu Muteba alikuwa shujaa. Shujaa wapi! Muteba alikuwa mwoga, na mimi Ernestine niliyekula naye sahani moja ndimi ninayejua. Aliogopa mbwa wa jirani. Aliogopa radi hata mlango ukiwa umefungwa na shuka imemfika puani. Wakubwa wa kazi aliwaogopa kiasi kwamba akipishana nao njiani alivua kofia hata siku ambayo hakuvaa kofia. Mkono ulikwenda kichwani wenyewe. Mungu amlaze pema. Kama mambo yangefuata akili yangu, tungezeekea kule Kolwezi, katika nyumba yetu ya camp, kambi ya wafanyakazi wa shaba, na mipapai yangu uani. Lakini mambo hayakufuata akili yangu. Yalifuata cello.

Nitasimulia kwa Kiswahili cha masista, kile walichotuingiza kwa fimbo kule Malemba nilikozaliwa. Lakini watu wa Kolwezi nitawaachia mdomo wao, maana ukimsafisha mtu maneno yake, anakuwa mtu mwingine.

Muteba alikuwa karani kwenye ofisi ya shimo la shaba liitwalo Mashamba. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye dirisha na kuandika nani ameshuka na nani amepanda. Alikuwa na koti moja jeusi, nalo alilipenda kuliko jamaa zake. Jamaa zenyewe walikuwa wachache. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, kama walivyoletwa wengi, na shimo likamla wakati Muteba bado anabebwa mgongoni. Mama yake, aliyeitwa Ngalula, alihangaika naye peke yake, akatwanga unga wa watu, naye akafa mtoto akiwa ndiyo kwanza anang'oka meno. Ndipo katekista wa parokia, Tata, yaani Baba, Kalumba, Mluba wa kwetu Katanga, mtu wa Kaniama, akamchukua akamlea. Siku ya kumwandikisha shuleni, Kalumba alisema, "Huyu ni mwanangu." Basi wakaandika kwamba kwao ni Kaniama. Haukuwa uongo, ulikuwa upendo. Wakati ule nani aliuliza? Mluba wa Kasai na Mluba wa Katanga walikunywa munkoyo kwenye kikombe kimoja, na kikombe kikivunjika waligombana kwa lugha moja ya kazini.

Haya yote aliniambia mara moja tu, kabla ya ndoa, akiwa ameangalia viatu vyake. Nilimuuliza mama yake alikuwaje. Akasema anakumbuka akitwanga na kuimba. Nikamuuliza aliimba nini. Akasema, "Majina." Halafu akainama kufunga kamba za viatu, na mimi nikadhani ni haya ya mchumba.

Violini aliipata kwa Padri, Mbelgiji mzee mwenye masanduku mengi ya vyombo vya muziki kuliko ya nguo. Padri alikuwa amekusanya watu tisa: walimu, mafundi, sista mmoja, na karani wangu. Aliwaita ensemble ya chambre, muziki wa chumbani. Nilimuuliza, "Padri, ni chumba gani chenye kuingia watu tisa na makelele yote haya?" Akacheka mpaka akakohoa. Muteba akawa violini ya kwanza, maana yake ndiye aliyeongoza. Hapakuwa na mtu wa kusimama mbele na kijiti. Wote walikaa, na wote waliangalia kichwa cha Muteba: kikiinama, wanaingia, kikiinuka, wananyamaza. Ndipo mahali pekee duniani ambapo bwana yangu aliamuru watu.

Cello, ile violini kubwa ya kuweka katikati ya magoti, ilikuwa ya Tharcisse. Huyu alikuwa fundi wa umeme kule Nzilo kwenye barrage, bwawa la umeme, mtu mkubwa, mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Yeye naye wazazi wake walitoka Kasai, lakini alizaliwa Kolwezi, alibatizwa Kolwezi, na alipigwa na walimu wa Kolwezi. Kila Jumamosi alikuja juu ya lori na cello yake imefungwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kamba moja ilipokatika na nyingine haikupatikana, aliweka waya wa breki wa kinga, yaani baiskeli. Sista alisema inalia vibaya. Tharcisse akamjibu, "Masœur, haina kulia mubaya, iko na mafua tu."

Na kulikuwa na konserto, muziki mrefu wa cello na wenzake. Padri alisema ndiyo yenye sifa kuliko zote za cello, ile ambayo kila mpiga cello wa dunia lazima aipitie, kama mtoto anavyopitia komunyo ya kwanza. Walianza kuijifunza kidogo kidogo, ukurasa kwa ukurasa, miaka inapita. Mimi sikusoma muziki, lakini nilisikia mazoezi hayo mpaka nikawa ninayaimba nikikaanga mikate yangu ya sokoni. Cello inazungumza, wengine wanaitikia. Inabishana nao, inawabembeleza. Halafu kunafika mahali wote wananyamaza. Cello inabaki peke yake. Padri alinieleza kwamba mahali hapo mtu wa cello anapiga ya moyoni mwake, kisha anatetemesha sauti moja ndefu kuwaambia wenzake, nimemaliza, njooni. Kazi ya Muteba hapo ilikuwa moja: kusikia mtetemo ule, kuvuta pumzi, kuinamisha kichwa. Tharcisse hakuwa mtu wa kubuni, basi Padri alimwandikia kipande cha kupiga pale, naye alikipiga hivyo hivyo siku zote.

Kisha kazi ikaanza kufa. Mashine zikasimama shimoni, posho ikapungua, watu wakawa wanakaa barazani mchana wa kazi. Na njaa ikiingia nyumbani, watu wanatafuta mchawi. Wakubwa wa siasa wakatuonyesha mchawi. Walisema Katanga ni ya Wakatanga, na hao wa Kasai ni bilulu, wadudu, watoke. Jirani uliyeazimana naye chumvi jana, leo amekuwa mdudu! Niliona vijana wakitoa makabati ya watu nje, nikaona mama mmoja anafagia nyumba kabla ya kufukuzwa, eti asiache uchafu. Wote walisukumwa kwenda gare, yaani stesheni, kungoja gari-moshi la kuwapeleka Kasai, nchi ambayo nusu yao hawakuwahi kuiona. Gari-moshi lilikuja linapotaka. Watu wakalala kwenye mawe ya reli, mvua juu yao, kuhara kati yao, na kila asubuhi kulikuwa na wa kuzika.

Mdogo wangu Dodo aliingia kwenye hao vijana. Dodo niliyembeba mgongoni! Alipita mtaani na kitambaa kichwani na fimbo mkononi, na jioni alikuja kwetu kula bukari, ugali wetu. Alimpenda sana shemeji yake. Alikaa mezani akitueleza nyumba ya nani imemwagwa siku hiyo, na Muteba alikata tonge, akalishika, hakulipeleka kinywani. Mimi chini ya meza nilikuwa nimemkanyaga mguu.

"Ile kilulu yenye inajificha mu nyumba ya Mukatanga," Dodo alisema mara moja, akilamba vidole, "nyumba tunachoma. Na mwenye kumuficha, anafwata naye."

"Kula, Dodo," nilimwambia. "Samaki inapoa."

Alipoondoka nilimshika Muteba mashavu yote mawili. Nilimwambia, karatasi inasema Kaniama. Jina lako liko kwa Wakasai, liko na kwetu. Lugha ya Kasai hujawahi kuisema mbele ya mtu. Wewe kaa tu. Kukaa ndiyo kazi unayoijua! Akasema, "Ndiyo, mama." Wiki hiyo hiyo walimpandisha ofisini, wakampa kiti cha mkubwa wake, mtu wa Kasai, ambaye sasa alikuwa analala gare juu ya mlango wa kabati lake. Muteba akakikalia. Lakini alianza kukonda, na koti lile jeusi likawa linamning'inia.

Tharcisse naye walimtoa. Alifika gare na cello na mama yake mzee, Mama Mbombo, aliyekuwa na ulimi mkali kama wangu, ndiyo maana tulipendana. Mama Mbombo hakungoja gari-moshi. Kuhara kulimchukua, wakamzika upesi upesi na wengine, bila kilio. Hata kasala hakuimbiwa. Kasala, kwa Waluba wa Kasai, ni kuwataja wazee wa mtu na sifa zao, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, ili marehemu asiende kama asiye na watu. Wanawake waliojua kuiimba walikuwa wameshapanda safari zilizotangulia. Muteba alitaka kwenda mazishini. Nilificha viatu vyake, na leo hii ningevificha tena.

Ndipo Padri akaja na wazo lake. Alitangaza kanisani kwamba Jumamosi mchana, katika ukumbi wa parokia ulio karibu na gare, wanamuziki waliobaki watapiga ile konserto kwa ajili ya wafu wa gare. Watu wa gare waje, na watu wa mtaa waje. Nilimkasirikia Padri, Mungu anisamehe. Nilirudi nyumbani mbio.

"Sema uko mugonjwa," nilimwambia Muteba.

"Nikisema niko mugonjwa, batauliza mugonjwa ya nini. Sijakosaka hata siku moja."

"Basi sema mukono unauma!"

"Ernestine." Aliniita kwa jina, jambo asilolifanya isipokuwa kwa mambo mazito. "Kama mi siko, nani atainamisha kichwa?"

Nikamwapisha: uingie, upige, utoke, usimwangalie mtu. Ndani ya ukumbi ule kosa moja tu, na nyumba yetu ni majivu, na wewe uko juu ya mawe ya reli, au chini yake. Akasema, "Ndiyo, mama." Nikampigia koti pasi.

Ukumbi ulijaa. Watu wa gare walikaa kwenye mabenchi ya upande wa kulia na vumbi lao na watoto wao, kimya, kama watu waliokuja kwa daktari. Watu wa mtaa walikaa kushoto, wengine kwa huruma, wengine kwa umbeya. Mlangoni alisimama Dodo na wenzake wamekunja mikono, wanaangalia nani ameingia. Mimi nilikwenda kukaa mbele kabisa, nimwone Muteba machoni na yeye anione. Pembeni yangu, upande wa gare, alikaa mama mmoja mzee mwenye kitenge kilichochanika begani.

Wakaanza. Walikuwa wamepungua, na pale ambapo wenzao waliosafiri walipaswa kupiga palisikika kabisa, kama jino lililong'oka. Lakini Tharcisse! Sijui alikuwa amekula nini siku zile, labda hakula kitu. Alikaa na cello katikati ya magoti, macho amefumba, na ule waya wa breki ukalia mpaka watoto wakaacha kulia wao. Muteba alimfuata vizuri. Kichwa kiliinama, kikainuka. Nilianza kupumua. Nilijisemea, Ernestine, leo inapita.

Pakafika pale mahali. Wote wakanyamaza, cello ikabaki peke yake.

Nilikijua kile kipande cha Padri kama ninavyojua sala ya Baba Yetu. Tharcisse hakukipiga. Aliinamisha kichwa mpaka shavu likagusa shingo ya cello, akaanza kitu kingine: sauti fupi fupi, ya juu, ya chini, ya chini, ya juu, kama mtu anayeita watu mbali ng'ambo ya mto. Padri aligeuka, amekunja uso. Mimi nilidhani Tharcisse amepotea. Lakini upande wa gare watu waliinua vichwa wote pamoja. Lugha yao inapanda na kushuka ndani ya neno, ndiyo maana ngoma yao ya mti inaweza kumwita mtu kwa jina lake. Sasa cello ndiyo iliyokuwa inaita. Na wanawake wakaanza kutamka yale majina chini chini, kila sauti na jina lake.

"Anafanya nini?" nilimnong'oneza yule mama.

"Anaimbia mama yake," alisema, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. "Ni kasala ya bantu ya kwabo. Mbuyi mwenye kuvuka maji na jembe ku bega. Kabedi mwenye kulisha wageni mbele ya batoto bake. Sikia, sasa anaita Ngeleka mwenye hageukake nyuma."

Nikamwangalia bwana yangu. Violini iko magotini, macho yako chini kama nilivyomwapisha. Lakini midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anasali. Kisha nikaona kwamba midomo yake inatangulia. Wanawake walingoja cello iseme ndipo watamke jina. Muteba alilitamka kabla cello haijafika. Alijua kila linalofuata.

Majina! Mama yake akitwanga, akiimba majina!

Kumbe yule Ngalula na huyu Mbombo walikuwa ukoo mmoja, na Tharcisse hakujua, na Muteba mwenyewe hakujua mpaka dakika ile. Miaka yote ile wameketi bega kwa bega, kila mmoja na majina yale yale kifuani.

"Na mwenye kusikia bazee bake banaitwa," nilimuuliza yule mama, "anafanya nini?"

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu anayeuliza kwa nini tunazika. "Anasimama, mama. Anafika mbele, anasema yeye ni mutoto wa nani, anatia mwenye kuimba kitu mu mukono. Mwenye kubakia chini, huyo alimuzika mama yake mara mbili."

Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu. Muteba hakuniangalia. Niliona shingo yake imetoka jasho mpaka kola imelowa, na mikono imeshika violini kama mtu anayeshika kamba ya kisima. Nikasema moyoni, kaa, kaa, kaa, mume wangu, kaa. Hakuna aliyekuona. Dodo yuko mlangoni.

Cello ikamaliza majina. Ikaanza ule mtetemo mrefu wa kuwaita wengine. Hapo ndipo kichwa kinapaswa kuinama. Wapiga vyombo wote waliinua mikono, wakamwangalia Muteba. Muteba hakuinamisha. Mtetemo ukaendelea. Tharcisse alifungua macho akamwangalia naye, mkono wake bado unatetemesha, anatetemesha, hajui afanye nini.

Muteba akaiweka violini kwenye kiti na kusimama.

Alitembea mpaka mbele ya Tharcisse. Cello ikanyamaza. Na bwana yangu, yule mtu wa kusema ndiyo mama, ndiyo mkubwa, akafungua kinywa akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kwa lugha ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Lugha yenyewe ilikuwa ya kitoto, yule mama aliniambia baadaye, kama ya mtu aliyeiacha akiwa na meno ya maziwa. Alisema: "Mimi ni mtoto wa Ngalula, mtoto wa watu hao. Nilikuwa nimekaa."

Kisha akaingiza mkono mfukoni kutafuta kitu cha kutoa. Mfuko wa kwanza ulikuwa na leso. Leso hatoi mtu. Mfuko wa pili ulikuwa na ufunguo wa nyumba yetu. Akauangalia kidogo, akautia mkononi mwa Tharcisse, akaukunja ule mkono mkubwa kwa vidole vyake viwili.

Wanawake wa gare waliachia kilio. Hicho ndicho kilio alichonyimwa Mama Mbombo, na wengine wote waliozikwa upesi upesi. Kiligonga mabati. Upande wa kushoto wapo walioinamisha nyuso, na wapo waliotoka. Muteba alirudi kwenye kiti chake, akachukua violini, akaiweka shingoni. Akavuta pumzi. Akainamisha kichwa.

Wote wakaingia. Walipiga konserto yote mpaka mwisho, ile sehemu ya polepole na ile ya mbio, na Dodo alisimama mlangoni muda wote bila kusogea.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Nilikuwa ninalijua neno hilo tangu utoto, na siku hiyo lilinichoma. Nilikuwa na hasira, jamani! Watu walikuwa wanamkumbatia, mimi nilimvuta koti.

"Tata Muteba! Ufunguo umetoa, na sufuria zangu ziko ndani?"

Aliniangalia, na, Mungu ni shahidi, alikuwa anatabasamu huku anatetemeka mwili mzima. "Nilikosa kintu ingine, mama."

Tharcisse, mtu mzima yule, alikuja analia, ufunguo kiganjani. "Ya Muteba, ndugu mukubwa, sikujua. Sikujua hata kidogo. Kamata, rudisha." Lakini hakuweza kuurudisha, na Muteba hakuweza kuupokea, na wazee wa gare walikuwa wanaangalia. Kitu cha kasala hakirudi. Hata kama ni mlango wako mwenyewe.

Basi nilikwenda camp peke yangu, nikachukua mchi wa jirani, nikavunja dirisha la nyumba yangu mwenyewe mchana kweupe. Watu walitoka barazani kuangalia. Niliingia, nikatupa nje magodoro, nguo, unga, sufuria. Nilipoinama kutoka, nilimkuta Dodo uani. Wenzake walibaki njiani. Mmoja alikuwa na chupa ya petroli. Dodo hakuwa na fimbo, sijui aliiacha wapi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Yaya, dada yangu," alisema. "Nimebaambia bangoje. We hauguswe. We uko wa kwetu, damu ya Malemba. Muache aende na ma bilulu wenzake."

"Toka njiani, Dodo."

"Nini inakufunga kwake?" Sauti ilimpasuka kama ya mtoto. "Alikudanganya! Na hata mutoto hamuna! Hata mumoja! Ungekuwa na batoto ningesikia. Sasa unafwata nini?"

Niliweka chini niliyoyabeba. Jambo hilo hakuna aliyewahi kulisema mbele yangu, hata mama yangu.

"Hakunidanganya. Nilijua siku ya kwanza. Na hiyo ya batoto, keti nikuambie, maana we ulikuwa mudogo. Bantu ya kwa Kalumba balikuya hapa, mu hii kiwanja. Balimuletea binti mwenye mwili muzuri, na sanduku yake tayari. Balimuambia, Muteba, huyu Ernestine ni mti bila matunda, simama umurudishe kwabo. Bazee saba, Dodo. Na we unajua vile anaogopaka bakubwa. Alikuwa anatetemeka sawa leo. Ndio akaambia bazee, mi nimekaa na huyu. Akakaa. Balitukana mpaka jua kuzama, na yeye anakaa tu, mukono yake ku goti yangu."

Njiani yule wa petroli alipiga mluzi, kumwita. Nilifunga godoro kwa kamba, nikaliinua kichwani, nikaanza kutafuta mkono wa tatu wa kushika unga na sufuria.

Dodo alifuta uso kwa kile kitambaa chake. Akainama, akachukua gunia la unga, akachukua sufuria kubwa akaitia kichwani juu ya kitambaa, akapita katikati ya wenzake bila kuwaangalia, akatangulia kwenda gare.